Mapenzi na majoka: ni mimi niliyechoka, au ni riwaya zenyewe?

Msomaji wa Kimara

Ndugu wasomaji, nawasalimu nyote. Kwa miezi minne iliyopita nimekuwa nikisoma ndani ya mabasi ya mwendokasi, asubuhi nikitoka Kimara kwenda Kivukoni na jioni nikirudi. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa riwaya za upelelezi, hadi mdogo wangu aliponishauri nionje aina hii inayochanganya mapenzi na maajabu, ambayo yeye na wenzake wa chuo huijadili usiku kucha. Nimekwisha kusoma riwaya tatu. Nitasema wazi kilichonipendeza na kilichonichosha, kisha nitauliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu peke yangu. Wasiopenda kuambiwa mwisho wa hadithi wasiwe na hofu, kwani miisho yote nimeiacha palepale ilipo.

Ya kwanza ni A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas, iliyotoka mwaka 2015. Inamhusu Feyre, binti anayewinda ili kulisha familia iliyofilisika, ambaye siku moja anamuua mbwa mwitu kisha inabainika kwamba yule hakuwa mnyama, bali ni mmoja wa fae, viumbe wenye sura za watu, umri mrefu na nguvu za kichawi. Kwa kosa hilo anachukuliwa kwenda kuishi katika nchi yao, nyumbani kwa bwana mmoja aitwaye Tamlin. Kurasa za mwanzo, zile za baridi na njaa, zilinishika barabara. Kisha tukaingia katika kasri, na kwa muda mrefu sikuona kinachotokea isipokuwa karamu, bustani, rangi za kuchorea picha na macho ya kijani ya mwenye nyumba. Mambo yanachangamka tena Feyre anapotakiwa kupita mitihani mitatu chini ya mlima na kutegua kitendawili. Kitendawili chenyewe nilikitegua basi likiwa Shekilango, na yeye, maskini, alikitegua wakati abiria wanasimama kushuka Kivukoni.

Ya pili ni Fourth Wing ya Rebecca Yarros, ya mwaka 2023, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Violet ni msichana wa miaka 20 ambaye viungo vyake huteguka upesi na mifupa yake huvunjika kwa urahisi. Alijiandaa kuwa mwandishi wa kumbukumbu, lakini mama yake, ambaye ni jenerali, anamlazimisha kuingia chuo cha kijeshi cha Basgiath miongoni mwa wapanda majoka, mahali ambapo kushindwa mtihani mara nyingi ni kufa. Siku ya kwanza tu wanavushwa mmoja mmoja juu ya ukuta mwembamba wa mawe huku upepo ukivuma na chini yao pakiwa shimo tupu. Niliposoma kurasa hizo nilikuwa nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba la basi, na nakiri kwamba nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa ninavuka. Nilipenda pia kwamba udhaifu wa mwili wa Violet haukuwekwa kama pambo. Anafunga viungo vyake, anapanga nguvu zake, na anajua goti lipi litamsaliti kabla halijamsaliti. Mwandishi mwenyewe amesema hadharani kwamba anaishi na maradhi ya viungo ya namna hiyo, na mtu akisoma anahisi kwamba jambo hilo halikuokotwa njiani.

Kisha anakuja Xaden. Baba yake aliongoza uasi akauawa, na mama yake Violet alikuwa na mkono katika kifo hicho. Mgongoni ana makovu 107, moja kwa kila mtoto wa waasi ambaye yeye Xaden alijitolea kumdhamini ili mtoto huyo aachwe hai. Huo ni uadui wenye mizizi, na nilikuwa tayari kuusoma kwa kurasa elfu moja. Lakini inatokea kwamba joka la Violet na joka la Xaden ni wenza, hawawezi kutenganishwa kwa muda mrefu, na uhai wa mmoja umefungamana na uhai wa mwingine hadi kwa wapandaji wao. Tangu hapo niliona mwandishi amewafunga kamba wahusika wake kisha anatutaka tushangae kwamba wamekaribiana. Vita, masomo, marafiki waliozikwa juzi, vyote vinasogea pembeni ili tutazame taya la Xaden likikazwa.

Lipo jambo dogo ambalo halinitoki akilini. Nakala yangu niliinunua kwenye kibanda cha vitabu kuukuu karibu na Mtaa wa Samora, na aliyeimiliki kabla yangu alichora mioyo midogo ya wino wa buluu pembezoni mwa kurasa. Mwanzoni ni michache sana, katika ule ukuta wa mawe hakuna hata mmoja. Inaanza kuongezeka palepale nilipoanza mimi kuchoka, na upo ukurasa mmoja, ambao niliusoma kwa kurukaruka, wenye mioyo tisa.

Ya tatu nitaipitia haraka. Ni Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2018. Nchi aliyoijenga kutokana na miungu ya Wayoruba ina uzito wake, na maneno ya kichawi yaliyoandikwa kwa Kiyoruba yalinipa wivu mzuri. Penzi kati ya Zélie na mwana wa mfalme anayemwinda, hata hivyo, lilizaliwa ghafla mno, likanikuta nikiwa bado namchukia kijana yule.

Basi swali langu lina vipande viwili. Kwa nini ulimwengu wa ajabu uliojengwa kwa ustadi mkubwa hulegea mara tu mapenzi yanaposhika usukani? Na je, katika Kiswahili tunayo masimulizi ambamo mapenzi na maajabu vimekaa pamoja bila kimoja kukila kingine?

Muuza Vitabu wa Posta

Dada yangu, salaam. Inawezekana kabisa kwamba nakala hiyo ilitoka mikononi mwangu, kwa maana nilikuwa nayo moja yenye mioyo, na kwa kawaida vitabu vilivyochorwa huwa napunguza bei kidogo ili mteja asinung'unike.

Mimi si mhakiki, nitasema ninayoyaona nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu. Vitabu vya aina hii hutufikia ndani ya marobota, vimechanganyika na vya sheria, vya upishi na Biblia za watoto, na mara nyingi mfululizo hauji ukiwa kamili. Nitapata cha kwanza mara tatu, cha pili nisikione mwaka mzima. Hapo ndipo ninapowajua wasomaji wangu. Mteja wa riwaya ya upelelezi akikosa kitabu huchukua kingine na kuondoka, ilhali mteja wa hivi vya mapenzi na majoka huniachia namba ya simu, hupiga kila Jumatatu, na siku kitabu kikipatikana hufika kabla sijamaliza kufuta vumbi. Wapo wasichana wawili wa ofisi moja hapa jirani waliochanga fedha wakanunua nakala moja, wakaipasua katikati kwa wembe ili mmoja asome mwanzo huku mwenzake akimsubiri. Niliumia kuona kitabu kinapasuliwa, lakini nilielewa.

Kwa hiyo naona hukumu yako kuhusu Sarah J. Maas imewahi mno. Wateja wangu wengi husema kwamba kitabu cha kwanza walikivumilia tu, na kwamba cha pili, cha mwaka 2016, ndicho kinachokufanya urudi nyuma kumtazama upya yule Tamlin na kasri lake, na kujiuliza kama uchovu ulioupata mle ndani haukuwekwa makusudi. Sitasema zaidi ya hapo.

Binti wa Temeke

Nimesoma swali lako, dada, nikacheka peke yangu jikoni hadi mume wangu akaja kuuliza kulikoni. Naomba nikueleze kwa nini, kwa sababu nadhani jibu lako limo humo humo ndani ya kicheko changu.

Katika kitabu hicho hicho cha kwanza yupo bwana mwingine wa fae, Rhysand, mzuri kupita kiasi, mwenye giza linalomfuata kama shuka. Anafunga mkataba na Feyre wakati binti wa watu yuko hoi kwa jeraha, kwamba atamponya, naye atakuwa anakwenda kuishi kwake wiki moja katika kila mwezi. Mkataba ukishafungwa, mkono wa binti unatokewa na michoro ambayo haifutiki. Sasa niambieni ninyi mliokulia Temeke, Mbagala, Tanga au Unguja: kiumbe asiyekuwa mwanadamu, mzuri ajabu, mwenye wivu, anayemdai mwanamke kwa siku maalumu na kumwachia alama mwilini, sisi tunamwita nani? Mama yangu mdogo asingefika hata nusu ya riwaya hiyo. Angeuliza tu, "Huyo mtoto amesomewa?" Baada ya hapo ni ubani, kombe na shehe wa mtaa wa pili, na kitabu kingekuwa na kurasa arobaini.

Sisemi hivi kwa dhihaka. Nimesoma vitabu vinne vya mfululizo huo na nitaendelea. Ninachotaka kusema ni kwamba habari za jini mahaba tulizosimuliwa tukiwa wadogo zilikuwa na kitu ambacho riwaya hizi zimekiondoa. Mwanamke aliyependwa na jini hakukaa bure. Uchumba wake ulivunjika mara tatu bila sababu inayoeleweka, alikonda, hakushika mimba, akiwa harusini kwa watu aliondoka katikati ya ngoma kwa sababu anaitwa. Jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu, watu walisema alikuwa naye. Ninakumbuka alivyokuwa anatandika kitanda chake kwa shuka nyeupe kila Alhamisi, anachoma udi, anafunga mlango mapema, na sisi watoto tulikatazwa kupiga kelele upande ule wa ua. Sikuwahi kujua ukweli wa mambo yale, na leo nikiwa mtu mzima naweza kufikiria sababu nyingine kumi za mwanamke kutaka kufunga mlango wake mapema. Lakini kama hadithi, ile ilikuwa na meno. Ulimtamani kiumbe yule na kumwogopa kwa wakati mmoja, kwa kuwa ulijua anachukua nini.

Rhysand na Xaden hawachukui chochote. Wanatisha watu wengine tu, kwa yule binti ni asali. Ndiyo maana, dada yangu, unaona ulimwengu unalegea, maana jini amebaki na uzuri wake na kunyang'anywa madai yake.

Mwalimu Mstaafu

Nawashukuru wote, na hasa binti yangu wa Temeke, ambaye amesema kwa sentensi moja jambo nililojaribu kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha tano kwa miaka mingi. Nitaliendeleza kidogo, kwa ruhusa yenu.

Swali la pili la Msomaji wa Kimara linaulizwa kana kwamba Kiswahili kilichelewa kufika katika maajabu. Tukumbuke kwamba Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi inayoelea angani, na mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, ambamo kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna majini, na kuna ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda. Wengi wetu tulikisoma kitabu hiki shuleni kwa ajili ya mtihani, tukajaza madaftari kwa maneno "ujumbe" na "maadili", na tukapitwa na jambo la kutisha lililomo. Adili anawapenda ndugu zake. Amekwisha kuwasamehe. Lakini jini aliyewageuza amemwamuru awachape kila usiku, naye kila usiku huchukua mjeledi, huwachapa, kisha huwabembeleza na kuwalisha. Mnaona jinsi ajabu lilivyofanywa kuwa mzigo wa mikono? Halikuishia siku lilipotokea, linarudi kila jua linapozama, na linamgusa mtu mahali anapopenda.

Twendeni nyuma zaidi. Fumo Liongo, shujaa wa pwani, mwili wake haukuingia silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo ilitolewa na mwanawe mwenyewe, na masimulizi yanasema kwamba kijana alighilibiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Mimi kila nilipoifundisha habari hiyo nilisimama hapo kwenye ahadi ya ndoa, kwa sababu ndipo mapenzi na maajabu yanaposhikana shingo. Nguvu ya kichawi ya baba ina tundu moja, na tundu hilo linafunguliwa na tamaa ya mwana. Liongo alipochomwa alikwenda akapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, akafa katika hali hiyo, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji kwa kudhani yu hai. Yule kijana hakupewa mke aliyeahidiwa.

Sasa kwa upande wa mapenzi yasiyo na uchawi wowote, ninawashauri msome Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, na ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Yasmin ameozwa akiwa na miaka 15 kwa mfanyabiashara wa umri wa baba yake, anakimbia, na katika kukimbia huko anakutana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa kikoloni huko Zanzibar. Hakuna joka hata moja. Lakini kila mara wawili wale wanapokutana, msomaji anasikiliza kama mlango utagongwa. Rangi ya ngozi, jamaa, dini, siasa, vyote vinadai chao. Penzi hilo halikuhitaji kufungwa kamba na mwandishi, kwani wahusika walikuwa na kila sababu ya kuachana na wakachagua kutoachana, walau kwa muda waliojaliwa.

Kwa kifupi, Msomaji wa Kimara, hukuchoshwa na mapenzi. Ulichoshwa na mapenzi yasiyolipiwa. Ukuta wa mawe ulikushika kwa sababu ulijua bei ya kuteleza.

Mfasiri wa Usiku

Shikamoo mwalimu. Ninakuheshimu, na ninaomba radhi mapema kwa kuwa nitakupinga, na nitampinga na dada wa Kimara pia.

Mimi ninafanya kazi ya kusimama, saa tisa kwa siku, na usiku ninafasiri vipande vya riwaya hizi kwa ajili ya shangazi yangu ambaye Kiingereza hakimpandi lakini anapenda mno hadithi. Shangazi amefiwa na waume wawili. Habari za mapenzi yanayolipiwa hana haja ya kusimuliwa na mtu. Anapotaka kujua, kabla sijaanza kusoma, kama wapenzi hawa watabaki pamoja mwishoni, anataka kujua kama anaweza kuufungua moyo wake kwa saa mbili bila kuibiwa. Riwaya ya mapenzi imeweka ahadi hiyo mezani tangu ukurasa wa kwanza. Kuilaumu kwa kuitimiza ni sawa na kumlaumu mwimbaji wa taarabu kwamba ametaja mahaba. Yule aliyechora mioyo tisa alikuwa anasoma kitabu kilekile ulichonunua wewe, dada, na alikifahamu vizuri, pengine kuliko wewe uliyeruka kurasa.

Pili, mwalimu ametaja vitabu vya shule na masimulizi ya kale, navyo ni vizuri, lakini amepita juu ya kile kinachosomwa usiku huu huu Dar es Salaam. Zipo simulizi zinazoandikwa kwa vipande, zinasambazwa kwa simu, kila kipande kinakatwa mahali ambapo moyo unadunda, na chini yake pameandikwa "itaendelea". Humo utakuta jini aliyempenda mwanafunzi wa chuo, pete iliyookotwa ufukweni, tajiri wa Masaki ambaye kivuli chake hakionekani, mke wa pili anayebadilika sura usiku wa manane. Uandishi wake haulingani, kuna makosa ya tahajia yanayoumiza macho, na baadhi ya waandishi hupotea kabisa baada ya sehemu ya ishirini na kutuacha na kiu. Lakini ukiuliza kama Kiswahili kina mapenzi na maajabu yanayokaa chungu kimoja, jibu liko mfukoni mwa kila abiria aliyekaa pembeni yako kwenye basi. Na binti wa Temeke atafurahi kusikia kwamba majini wa humo bado wanadai.

Jambo la mwisho ni la lugha, na hapa nakubaliana na wote kwamba kuna kitu kinalegea, ila mimi ninakiona kwa ukaribu zaidi kwa sababu ninakishika neno kwa neno. Katika Fourth Wing, joka kubwa liitwalo Tairn humwita Violet kwa jina linalotokana na rangi ya fedha iliyo kwenye ncha za nywele zake. Niliandika "Binti Fedha". Shangazi akaniuliza, "Kumbe ni tajiri?" Nikabadilisha kuwa "Mwenye Nywele za Fedha", na joka likaanza kusikika kama karani anayejaza fomu. Mabusu ndiyo magumu zaidi. Nikifasiri kwa Kiswahili cha kamusi yanakuwa maelezo ya daktari, na nikifasiri kwa Kiswahili cha mahaba tulichonacho, laazizi, muhibu, nyonga mkalia ini, Xaden anavaa kanzu na kuanza kuimba. Baada ya majuma mawili nilikata shauri kwamba wale wapenzi wasizungumze kabisa katika kurasa hizo, nikawaacha wafanye mambo madogo tu: amfungue bandeji ya goti, amshikie kikombe, amngoje mlangoni. Shangazi akalia. Maneno yote makubwa niliyoyatupa, hakuna hata moja aliloulizia.

Binti wa Temeke

Mfasiri, hiyo bandeji ya goti nimeiona kabisa. Tafadhali tuwekee kipande hicho hapa siku moja, na shangazi mpe salamu zetu.

Msomaji wa Kimara

Nimerudi baada ya siku mbili kwa sababu nilitaka kwanza kurudia zile kurasa nilizoziruka, jambo ambalo Mfasiri alinisuta kwalo kwa haki. Nimezisoma jana jioni, foleni ya mvua ikiwa imetushikilia pale Jangwani kwa zaidi ya saa moja, kwa hiyo muda haukukosekana.

Nitasema ukweli wangu. Ule ukurasa wenye mioyo tisa bado siupendi, na sasa najua sababu: wawili wale wanaelezana hisia zao kwa ufasaha mno, hakuna aliyebakiza neno. Hata hivyo, kurasa chache kabla yake, mahali ambapo nilipita mbiombio nikidhani ni maandalizi tu, Xaden anamkagua Violet kama ameumia, na anafanya hivyo kwa hasira ya mtu ambaye hataki kuonekana anajali. Pale pana moyo mmoja tu, umechorwa kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi imetoboka kidogo. Nilikaa nao muda mrefu. Ningependa kukutana na mtu huyo aliyenitangulia, niketi naye kwenye benchi, tubishane.

Mwalimu, habari za mjeledi wa Adili zimeninyima usingizi, na ninaona aibu kwamba niliufaulu mtihani wa kitabu hicho bila kuona ulichokiona. Bado sikubali kwamba kila penzi lazima lilipiwe, maana shangazi yake Mfasiri amekwisha kulipa kwa niaba ya wengi, lakini kwa upande wangu mimi najua kwamba nitaendelea kupenda zaidi penzi ambalo mlango wake unaweza kugongwa wakati wowote.

Kaka Muuza Vitabu, naomba uniwekee kile cha pili cha Sarah J. Maas kama kipo, pamoja na Vuta N'kuvute, hata kama jalada limechakaa. Nitapita Ijumaa baada ya saa kumi jioni.

Muuza Vitabu wa Posta

Vuta N'kuvute ipo, imekunjwa pembe lakini kurasa zote zimo, nimezihesabu. Hicho kingine kimeingia jana katika robota jipya, na nimekificha chini ya kigoda kwa sababu wale wasichana wa wembe wamekwisha kupita mara mbili kukiulizia. Njoo kabla ya saa kumi, dada yangu, ikiwezekana.